Tone la kiowevu

Tone (wingi: matone) ni kiasi kidogo cha kiowevu, kama vile maji, mafuta au damu, kilichojikusanya pamoja na kuzungukwa na hewa, au na kiowevu kingine kisichochanganyika nacho. Tone dogo sana huitwa kitone (wingi: vitone). Kwa Kiingereza tone huitwa drop, na kitone huitwa droplet.

Matone yanapatikana katika mvua, umande, ukungu, mawingu, maziwa, dawa za macho, dripu za hospitalini, dawa za kunyunyizia mimea na katika pumzi ya binadamu. Yote hufuata kanuni zilezile za fizikia, lakini tabia yake hutofautiana sana kulingana na ukubwa. Tone la mvua huanguka chini kwa dakika chache, ilhali kitone cha wingu huweza kuelea angani kwa siku nzima. Tofauti hiyo ina umuhimu katika hali ya hewa, kilimo na tiba, hasa katika kueleza namna magonjwa ya njia ya hewa yanavyoenea.

## Jina na matumizi yake

Neno "tone" linahusiana na kitenzi "tona", yaani kuanguka tone moja baada ya jingine. Kitenzi "tonesha" maana yake ni kufanya kitu kitone. Watu husema pia "kumtonesha mtu kidonda", yaani kukigusa kidonda mpaka kiume upya. Msemo huo hutumika vilevile kwa kumkumbusha mtu jambo lililomhuzunisha. Methali "Chururu si ndo! ndo! ndo!" hulinganisha maji yanayochuruzika mfululizo na yale yanayodondoka tone moja moja.

Kiswahili kina pia majina ya matone kulingana na mahali yanapoonekana:

* manyunyu na rasharasha: mvua nyepesi yenye matone madogo
* umande: matone yanayotokea usiku juu ya majani na vitu vingine vilivyopoa
* ukungu: vitone vingi vinavyoelea karibu na ardhi
* jasho: matone yanayotoka kwenye ngozi
* machozi: matone yanayotoka machoni

Neno la Kiingereza droplet limeundwa kwa kuongeza kiambishi tamati -let, kinachoonyesha udogo, kwenye neno drop. Ni sawa na Kiswahili kinavyotumia kiambishi awali ki- kupata "kitone" kutoka "tone". Wingi wake ni droplets. Neno hilo linapatikana tayari katika tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Timon of Athens, iliyochapishwa mwaka 1623. Katika lugha ya kila siku droplet ni tone dogo tu, bila kipimo maalumu. Katika sayansi hutumika kwa maana finyu zaidi: wataalamu wa hali ya hewa hulitumia kwa vitone vya mawingu, na drop kwa tone la mvua, katika tiba hutumika kwa majimaji yanayorushwa na mtu anayekohoa, kupiga chafya au kuongea.

Katika Kiingereza pia drop ni kitenzi chenye maana ya kuanguka. Hivyo jina la kitu hiki katika lugha zote mbili hubeba wazo kwamba tone ni kitu kinachoanguka. Kwa matone makubwa wazo hilo ni sahihi. Kwa vitone vidogo sana huweza kupotosha.

## Umbo

Molekuli za kiowevu huvutana. Molekuli iliyo ndani huvutwa kutoka pande zote, lakini ile iliyo usoni huvutwa zaidi kuelekea ndani. Kwa hiyo uso wa kiowevu hufanya kama ngozi nyembamba iliyokazwa. Hali hiyo huitwa mvutano wa uso. Kwa kuwa tufe ndilo umbo lenye eneo dogo la uso kuliko maumbo yote yenye ujazo uleule, kitone kisichosukumwa na nguvu nyingine huwa mviringo kama mpira.

Tone likiwa kubwa, uzito wake pamoja na msukumo wa hewa hushinda mvutano wa uso. Ndiyo sababu tone kubwa lililo juu ya meza hulala bapa, ilhali vitone vidogo juu ya jani la gimbi hubaki kama shanga.

Watu wengi huchora tone la mvua likiwa na ncha juu na tumbo chini, kama chozi. Mchoro huo si sahihi. Tone la mvua lenye kipenyo chini ya milimita 2 ni karibu tufe kamili. Likiwa kubwa zaidi, hewa hulisukuma kutoka chini nalo huwa bapa upande wa chini, mfano wa skonzi. Likizidi milimita 5 hivi kwa kawaida hupasuka na kuwa matone madogo kadhaa.

Ndani ya tone shinikizo ni kubwa kuliko nje, na huongezeka kadiri tone linavyokuwa dogo. Uhusiano huo ulielezwa na Thomas Young wa Uingereza na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Vilevile, maji hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kutoka kitone kidogo kuliko kutoka tone kubwa.

## Jinsi matone yanavyotokea

Matone hutokea kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kiowevu kugawanyika. Maji yanayotoka bombani kwa mchirizi mwembamba hukatika yenyewe kuwa matone baada ya umbali fulani. Jambo hilo lilichunguzwa na Joseph Plateau wa Ubelgiji na Lord Rayleigh wa Uingereza katika karne ya 19. Walionyesha kwamba mchirizi mrefu hauwezi kudumu, kwa sababu ukikatika kuwa matone uso wake wote kwa jumla hupungua.

Kadiri kiowevu kinavyogawanywa, ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa. Tone moja la milimita 2 likigawanywa kuwa vitone vya milimita 0.02, hutoa vitone milioni moja ambavyo kwa jumla vina eneo la uso mara 100 ya tone la awali. Kwa sababu hiyo maji yaliyopulizwa kama ukungu hukauka haraka sana, na petroli iliyopulizwa ndani ya injini huwaka upesi.

Njia ya pili ni mvuke kupoa na kugeuka maji. Hayo hutokea nje ya glasi ya maji baridi, chini ya mfuniko wa sufuria na katika mawingu.

## Mawingu na mvua

Angani mvuke hauwezi kugeuka maji kwa urahisi bila kitu cha kushikia. Kila kitone cha wingu huanza juu ya chembe ndogo ya vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Kitone cha kawaida cha wingu kina kipenyo cha milimita 0.02 hivi. Ili kupata tone moja la mvua la milimita 2 vinahitajika vitone milioni moja vya namna hiyo. Katika mawingu ya joto vitone hugongana na kuungana. Katika mawingu baridi fuwele za barafu hukua, huanguka na kuyeyuka njiani.

Kasi ya kuanguka hutegemea ukubwa. Katika hewa iliyotulia vipimo huwa takriban hivi:

* kitone cha wingu au ukungu, milimita 0.02: sentimita 1 kwa sekunde
* tone la manyunyu, milimita 0.5: mita 2 kwa sekunde
* tone la kawaida la mvua, milimita 2: mita 6.5 kwa sekunde
* tone kubwa la mvua, milimita 5: mita 9 kwa sekunde

Kwa kasi hizo tone la mvua hushuka mita 2,000 kwa dakika tano hivi, lakini kitone cha wingu kingehitaji zaidi ya siku mbili. Kwa kweli hakifiki, kwa sababu upepo mdogo tu unaopanda hukirudisha juu, nacho hukauka kikiingia katika hewa kavu. Hiyo ndiyo sababu wingu halianguki ingawa ni maji.

Mmarekani Wilson Bentley, mkulima wa Vermont anayejulikana zaidi kwa picha zake za theluji, alipima matone ya mvua kwa njia rahisi. Aliyaacha yaanguke juu ya sinia la unga laini, kisha akapima madonge yaliyotokea. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1904.

Katika misitu ya milimani, kama ile ya Usambara na Kilimanjaro nchini Tanzania, majani, kuvumwani na matawi hukamata vitone vya ukungu. Vitone huungana na kudondoka chini, hivyo udongo hupata maji hata siku ambapo mvua hainyeshi. Mahali pengine duniani watu hutundika nyavu kwenye vilima vyenye ukungu ili kupata maji kwa njia hiyohiyo.

Upinde wa mvua nao hutokana na matone. Mwanga wa jua huingia ndani ya tone, huakisiwa na kutoka ukiwa umegawanyika kuwa rangi, kwa pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka upande ulio kinyume na jua. Vitone vya ukungu ni vidogo mno kutenganisha rangi vizuri, kwa hiyo upinde wa ukungu huonekana karibu mweupe.

## Matone jikoni

Maziwa ni maji yenye vitone vingi vya mafuta ndani yake. Yakitulia, vitone hivyo hupanda juu na kuwa malai. Tui la nazi pia ni mchanganyiko wa vitone vya mafuta ndani ya maji. Likichemka bila kukorogwa, vitone huungana na mafuta kujitenga. Wapishi husema tui limekatika.

Tone la maji likiangukia kikaango kilichopata moto sana halikauki papo hapo bali hukimbia huku na huku. Sababu ni kwamba chini yake hutokea tabaka jembamba la mvuke linalolibeba na kulikinga na joto. Johann Gottlob Leidenfrost wa Ujerumani alieleza jambo hilo mwaka 1756.

## Matone kama kipimo cha dawa

Tone limetumika kama kipimo cha dawa tangu zamani. Katika tiba, tone la maji kutoka vifaa vya kawaida huhesabiwa kuwa mililita 0.05, yaani matone 20 kwa mililita 1. Hata hivyo kipimo hicho si thabiti. Mwaka 1864 Thomas Tate wa Uingereza alionyesha kwamba uzito wa tone linalodondoka hutegemea upana wa mdomo wa mrija na mvutano wa uso wa kiowevu. Kwa hiyo tone la spiriti huwa dogo kuliko tone la maji kutoka mrija uleule, na chupa mbili zenye ncha tofauti hutoa matone yasiyolingana.

Chanjo ya polio ya kunywa hutolewa kwa matone mawili mdomoni. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wameipata kwa njia hiyo, kliniki au katika kampeni za nyumba kwa nyumba. Dawa ya macho hutolewa tone moja kwa kila jicho, kwa kuwa tone moja tayari hujaza nafasi iliyopo. La pili humwagikia shavuni.

Katika dripu, muuguzi hupanga kasi kwa kuhesabu matone kwa dakika. Kanuni yake ni: mililita zinazohitajika mara idadi ya matone kwa mililita, kisha gawanya kwa dakika. Kwa mfano mgonjwa anayepaswa kupata mililita 500 kwa saa 4, kwa mrija wenye matone 20 kwa mililita, anahitaji 500 × 20 ÷ 240, yaani matone 42 hivi kwa dakika. Kuna pia mirija ya vitone vidogo, hasa kwa watoto, inayotoa vitone 60 kwa mililita. Aina ya mrija ni lazima ijulikane kabla ya kuhesabu. Vitone 42 kwa dakika kutoka mrija wa watoto humpa mgonjwa theluthi moja tu ya maji yaliyokusudiwa, jambo la hatari kwa aliyeishiwa maji kwa kuhara. Kosa la upande wa pili humpa mtoto mara tatu ya kiasi kinachotakiwa.

## Matone na maambukizi ya magonjwa

Mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au kuongea hurusha vitone vya mate na makamasi vya ukubwa mbalimbali. Mwishoni mwa karne ya 19 Carl Flügge, aliyefanya kazi Breslau (leo Wrocław nchini Poland), alionyesha kwamba vitone hivyo hubeba bakteria hai hata mtu anapoongea tu.

Mwaka 1934 Mmarekani William F. Wells alichunguza kinachovipata vitone vikishatoka mdomoni. Aliona kwamba kila kitone kiko katika mashindano kati ya kuanguka na kukauka. Vilivyo vikubwa kuliko milimita 0.1 hivi, yaani mikromita 100, hufika chini kabla ya kukauka. Vilivyo vidogo hukauka njiani na kuacha kiini chepesi kinachoweza kuelea kwa muda mrefu. Kwa mfano, kutoka urefu wa mita 1.5 katika hewa iliyotulia, kitone cha mikromita 100 hufika chini kwa sekunde 6 hivi, lakini chembe ya mikromita 5 huhitaji takriban nusu saa.

Baadaye Wells na mwenzake Richard Riley walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Baltimore kwenye vizimba vya wanyama wa majaribio. Wanyama hao walipata kifua kikuu ingawa hawakuwa karibu na mgonjwa yeyote. Tangu hapo ilikubaliwa kwamba ugonjwa huo huenea kwa hewa. Ndiyo sababu kliniki za kifua kikuu hushauriwa kufungua madirisha na kuwaweka wagonjwa wanaosubiri mahali penye hewa ya kutosha.

Kwa magonjwa mengine mengi, vitabu vya tiba vilifundisha mgawanyo mkali: vitone vyenye zaidi ya mikromita 5 huanguka karibu na mgonjwa, na vilivyo chini ya hapo tu ndivyo huelea. Mpaka huo haukulingana na vipimo vya Wells. Mikromita 5 ni kadirio la chembe zinazoweza kufika ndani kabisa ya mapafu, jambo muhimu kwa kifua kikuu; si mpaka kati ya kuanguka na kuelea.

Tofauti hiyo ilipata uzito mkubwa wakati wa UVIKO-19. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba ugonjwa huo hauenei kwa hewa bali hasa kwa vitone vinavyoanguka haraka. Ushauri wa kwanza ulifuata wazo hilo: kunawa mikono, kusafisha meza na vitasa, na kukaa umbali wa mita moja. Nchini Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko ndoo za kunawia ziliwekwa milangoni mwa maduka na kwenye stendi, lakini kufungua madirisha ya madarasa na mabasi hakukusisitizwa kwa kiwango hicho. Mwezi Julai 2020 wanasayansi 239 walitoa barua ya wazi wakiomba maambukizi ya hewani yatambuliwe. Mwaka 2021 WHO ilibadilisha maelezo yake na kutaja kwamba virusi huweza kuelea katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha. Mwezi Aprili 2024 ilitoa istilahi mpya zinazozungumzia chembe za upumuaji za ukubwa wote kwa pamoja, bila kuweka mpaka wa mikromita 5.

Kwa hiyo msomaji akikuta maelezo kwamba ugonjwa fulani "huenea kwa matone", anapaswa kuangalia kama maandishi hayo yanamaanisha vitone vinavyoanguka karibu au pia vile vinavyobaki hewani. Umbali husaidia zaidi dhidi ya vile vya kwanza. Dhidi ya vile vya pili zinahitajika pia hewa safi na barakoa inayoziba vizuri.

## Kilimo

Mkulima anayenyunyizia dawa kwa bomba la mgongoni hutegemea pia ukubwa wa vitone. Kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, kiowevu kilekile hutoa vitone mara 8 zaidi, hivyo majani mengi zaidi hufikiwa. Lakini vitone vilivyo chini ya milimita 0.1 hupeperushwa kwa urahisi na upepo hadi shamba la jirani, kisimani au usoni mwa mnyunyiziaji. Vilivyo vikubwa mno huteleza kwenye jani na kuishia ardhini. Ndiyo maana hushauriwa kunyunyizia wakati upepo ni mdogo, kutumia ncha ya bomba inayofaa na kuvaa kinga.

Dhidi ya nzige wa jangwani, kama walipovamia Kenya, Ethiopia na Somalia miaka ya 2019 hadi 2021, hutumika vitone vya mikromita 50 hadi 100 kwa makusudi, ili upepo uvitawanye juu ya eneo kubwa. Dawa yake huwa na mafuta, kwa kuwa maji yangekauka kabla ya kufika.

Umwagiliaji wa matone ni njia tofauti: maji hupitishwa katika mipira yenye vitundu na kudondoka polepole karibu na shina. Mfumo wa kisasa wa aina hiyo uliendelezwa nchini Israeli katika miaka ya 1960 na mhandisi Simcha Blass. Kwa kuwa maji hayarushwi hewani, kiasi kinachopotea kwa kugeuka mvuke ni kidogo.

## Utafiti na teknolojia

Kuanzia mwaka 1909 Robert Millikan na Harvey Fletcher, wakiwa Chicago, walipima chaji ya elektroni kwa kutazama vitone vya mafuta vikielea kati ya mabamba mawili ya umeme. Vitone vilianguka polepole kiasi cha kuweza kufuatiliwa kwa darubini kimoja kimoja. Millikan alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1923. Printa za wino hutumia vitone vidogo sana, vinavyorushwa kwa maelfu kila sekunde kwenye karatasi.

## Tazama pia

* Erosoli
* Kifua kikuu
* Mvua
* Mvutano wa uso
* Ukungu
* Umande